TUTAPASHA MOTO NJIANI

Kama umekwisha kusafiri na familia kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, unajua mambo ya njia ile. Kilometa ni karibu 300 tu, tena lami iko. Baba anasema, "Saa sita ya mchana tutakuwa tumefika." Lakini kabla ya Likasi mnakuta mstari wa makamiyo yenye kubeba shaba, mbele kidogo tairi linapasuka, na saa sita inageuka saa kumi. Watoto nyuma wanalia njaa. Mama anafungua kikapu: bukari imekuwa jiwe, mafuta ya samaki yameganda, sombe ni baridi kama maji ya kisima.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha furu ndogo inayokula umeme wa motokari, roho inafurahi mara moja. Ni kisanduku, au mfuko wa kitambaa kinene, ukubwa wake kama vitabu vitatu vya nyimbo vilivyopangwa pamoja. Ndani, chini, kuna sahani ya chuma yenye nyuzi zinazopata moto. Waya wake unaishia kwenye kichwa kinachoingia katika tundu la kuwashia sigara, pale mbele ya shofere. Huko Marekani mashofere wa makamiyo makubwa wanatumia vyombo vya namna hii tangu miaka mingi, maana wanalala ndani ya kamiyo na hawapendi kulipa hoteli kila siku. Kwetu, mashofere wenye kungoja mpakani Kasumbalesa, pamoja na wale ndugu Watanzania wanaopeleka shaba mpaka Dar es Salaam, utawakuta wakipika kando ya trela kwa mbabula au kwa jiko dogo la gazi.

Mimi furu hiyo ninayo. Nilipewa na ndugu mmoja, na nimeitumia vizuri na vibaya. Nianze na vibaya.

Tulikuwa motokari mbili, wanakwaya na watoto wao. Mchele ulipikwa usiku, saa mbili, ukaachwa ndani ya sufuria kubwa yenye kifuniko mpaka asubuhi, kusudi wamama wasiamke saa tisa ya usiku. Mmoja wao alisema neno ambalo sisi wote tulilikubali: "Haina neno, Pasta. Tutaipasha moto ku njia." Mchana tukapasha kidogo kidogo, sahani kwa sahani, mpaka mvuke ukatoka. Tukala kwa furaha. Hata masaa matatu hayakupita, watoto wanne wakaanza kutapika, na nyuma yao mama mmoja mwenye mimba. Tulisimamisha motokari mbele ya kituo cha afya njiani. Infirmiye hakuuliza kama chakula kilikuwa moto. Aliuliza, "Kilipikwa saa ngapi?"

Wote walipona, lakini mtoto mdogo kuliko wote alilala usiku ule na serumu mkononi. Na yule mama aliyesema tutapasha njiani aliniuliza mara nyingi, karibu kwa machozi: "Namna gani, Pasta? Mvuke si ulitoka?" Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu ni hili. Ndani ya mchele mbichi kunakaa mara nyingi kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus. Kinajifunga katika ganda gumu kama mbegu, na maji yanayochemka hayaiui mbegu ile. Mchele ukiisha kuiva na kukaa katika hali ya uvuguvugu, mbegu inaamka, inazaa wengi, na wale wengi wanatoa sumu. Sumu hiyo haijali moto. Unaweza kupasha mchele, unaweza hata kuuchemsha tena, sumu inabaki. Kutapika kunaanza kati ya nusu saa na masaa sita baada ya kula. Na jambo baya zaidi, harufu inaweza kuwa nzuri na ladha pia. Wamama wetu wana pua hodari sana kwa nyama iliyoharibika, lakini hapa pua haisaidii.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, lilitoa mwaka 2001 maagizo matano juu ya usalama wa chakula. Mojawapo linamgusa msafiri. Chakula kilichopikwa kisiachwe katika hewa ya kawaida zaidi ya masaa mawili. Na kile kinachongoja kuliwa kiwe moto kupita digrii 60, au kiwe baridi chini ya digrii 5. Katikati ya hizo mbili ndipo vijidudu vinapofanya sikukuu yao. Sasa fikiri juu ya sufuria iliyokaa tangu saa mbili ya usiku, kiisha ikaingia nyuma ya motokari iliyofungwa, juani. Furu yangu ilikuja mwishoni kabisa, kama daktari anayefika baada ya mazishi.

Lakini iko jambo lingine ambalo watu hawalifikiri, nalo ni udhaifu wa furu yenyewe. Furu ya nyumbani inakula wati 2000, hata zaidi. Motokari ndogo ina volti 12, na tundu lake la sigara linalindwa na fizibu, ule waya mwembamba unaokatika kusudi motokari isiungue. Fizibu hiyo kwa kawaida ni ya amperi 10, 15 au 20. Zidisha mwenyewe: 12 mara 10 ni wati 120. Mtu akikuuzia furu ya wati 500 ya kuingiza katika tundu lile, anakuuzia uongo, au anakuuzia fizibu iliyokatika.

Yangu ni ya wati 90. Nilimwomba kijana mmoja anayesoma fizikia afanye hesabu pamoja nami. Kilo moja ya maharagi yenye supu, kutoka digrii 20 mpaka 75, inaomba dakika 43, kama hakuna moto hata kidogo unaopotea. Lakini moto unapotea kila upande, basi hesabu saa moja na robo. Kilo mbili za kushibisha watu sita? Masaa mawili na nusu. Na katika masaa hayo chakula kinapanda polepole, polepole, kikipita katika ule uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Ukitoa chakula mapema kwa sababu watoto wanalia, juu kutakuwa na mvuke na katikati kutakuwa baridi. Chovya kijiko mpaka katikati, koroga, halafu gusa.

Wenye frigo wanapenda kugandisha chakula usiku. Ni vizuri kwa usalama, maana baridi inalinda. Lakini jua kwamba kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula moto sawasawa na kupasha kilo ile ya maji kutoka digrii 0 mpaka 80. Furu ndogo itatumikia barafu karibu nusu ya safari kabla haijaanza kupasha.

Kwa sababu hiyo tumegeuza mpango nyumbani mwetu. Furu tunaipa chakula ambacho ni moto tayari. Mama anapika saa kumi ya usiku, maharagi yanatoka motoni yakichemka, yanaingia katika chombo bapa cha chuma chenye kifuniko, na chombo kinaingia katika furu. Moteri ikiwaka, tunaingiza kichwa katika tundu. Kulinda moto uliopo ni kazi ndogo kuliko kuuleta upya, na kwa kazi hiyo wati 90 zinatosha. Kama huna furu, usihuzunike: termosi ya chakula, ile pana, au sufuria iliyofungwa vizuri katika blanketi nene ndani ya kikapu, inafanya karibu kazi ile ile kwa masaa kadhaa, bila waya na bila franka za umeme.

Sasa neno kwa wababa na vijana wenye kupenda kugusa nyaya.

Moteri ikizimwa, furu inakula batri. Furu ya wati 90 inavuta amperi 7 na nusu. Masaa mawili chini ya mwembe, mkingoja chakula, ni amperi 15 za saa, yaani robo ya batri mpya ya amperi 60. Batri za kwetu ni mpya? Nyingi zimenunuliwa tayari zimechoka. Na kuwasha moteri kunaomba amperi 100 na zaidi kwa mara moja. Nimesukuma motokari pamoja na mashemasi wawili kwa sababu ya samaki wa Kapolowe waliokuwa wakipashwa vizuri kabisa. Usiku, katika sehemu ya njia isiyo na watu, jambo hilo lingekuwa baya zaidi ya kucheka.

Kwenye kamiyo, angalia sana. Makamiyo makubwa yana volti 24. Furu ya volti 12 ikiingizwa pale, umeme unaopita unakuwa mara mbili, lakini moto unakuwa mara nne: wati 90 zinageuka 360. Nyuzi zinaungua, kitambaa kinashika moto, na kamiyo labda imebeba mafuta. Soma maandishi chini ya furu kabla hujaomba ndugu shofere akusaidie. Kama maandishi yamefutika, usiiingize.

Gusa pia kichwa cha waya baada ya dakika kumi. Kikiwa cha moto mpaka vidole vinakimbia, tundu limelegea au lina kutu, na plastiki itayeyuka. Wengine wanatoa fizibu ndogo na kuweka kubwa, au waya wa shaba tupu. Shaba kwetu haikosi, najua! Lakini hapo umeondoa mlinzi, na kitakachokatika badala ya fizibu ni nyaya zilizofichwa nyuma ya dashibodi, mahali usipoona moshi ukianza. Anayetaka tundu lenye nguvu, fundi wa umeme amvutie waya mnene kutoka batri, na fizibu yake iwe karibu na batri.

Waliokosa furu wamejaribu mengine. Huko Marekani wawili, Chris Maynard na Bill Scheller, walitoa mwaka 1989 kitabu kizima, Manifold Destiny, juu ya kupika chakula katika karatasi ya aluminiamu juu ya moteri yenye moto. Si mchezo mtupu, inawezekana. Lakini juu ya moteri kuna kamba inayozunguka na mpira wa mafuta, na barabara zetu zina mashimo. Mimi sikupendekezei.

Lile ambalo nakukataza kabisa ni mbabula ndani ya motokari. Nimesikia vijana wakisema kwamba makala yakiisha kuwa mekundu hayana moshi tena, basi hayana neno. Makala mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wa machimbo, ninyi mnaijua: ni ndugu ya ile hewa inayowaua wachimbaji wakishusha pompi ya mafuta ndani ya shimo. Mtu anasikia usingizi, kichwa kinauma kidogo, halafu haamki. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Hata mbabula iliyofunikwa kwa majivu, mkilala mkingoja asubuhi mpakani, iwekwe nje, mbali na milango.

Juu ya vyakula, wasichana wangu wawili wamekuwa mabingwa kuliko mimi. Maharagi, sombe, samaki mwenye supu, kuku katika nyanya: vyote vinakubali furu, kwa sababu maji yanabeba moto. Bukari inakauka pembeni na kubaki baridi katikati. Ukatie vipande vyembamba na kunyunyiza maji kijiko kimoja, au uipokee tu ilivyo. Chombo kiwe bapa, chakula kisipite urefu wa vidole viwili. Usiweke mfuko wa plastiki juu ya sahani ya chuma. Na kopo la sardini au la nyama lisiingie likiwa limefungwa. Hewa ndani inatanuka, na kopo linaweza kupasuka usoni pa mtoto anayelifungua. Funguo kwanza, furu baadaye.

Kilichobaki baada ya kula, tunakitupa au tunampa mwenye njaa pale pale kikiwa bado moto. Hakirudi katika furu kungoja jioni. Mwanzoni mama watoto alisikia uchungu, maana kwao waliambiwa kutupa chakula ni dhambi. Sasa anapika kidogo zaidi kuliko zamani.

Yule mama wa kwaya tulisafiri naye tena mwaka uliopita, safari hii mpaka Likasi tu. Alikuja na termosi mbili za maharagi na samaki katika chombo bapa, akaniuliza kama moteri iko inawaka kabla ya kuingiza waya. Nilimwuliza mchele uko wapi.

"Iko mu mufuko, mubichi," akasema. "Tutaupika tukifika."