Hatima ya Zana za Majaribio za Kuundia Programu: Mifano ya Light Table, Atom na Squeak

Tasnifu nyingi za sayansi ya kompyuta huwa na sehemu inayotaja zana zilizotumika: lugha ya uprogramu, kihariri, maktaba za msimbo pamoja na matoleo yake. Watahini huipitia sehemu hiyo upesi, kwa kuwa huonekana kama orodha ya vifaa tu. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote pale ambapo mojawapo ya zana zilizotajwa ni ya majaribio. Data iliyohifadhiwa vizuri huweza kusomwa baada ya miaka 20. Zana ya majaribio huweza kutoweka kabla mwanafunzi hajavaa joho la mahafali, na hapo matokeo yaliyoitegemea hayawezi tena kurudiwa na mtu mwingine.

Kwa zana ya majaribio tunakusudia programu inayotumika kuandika, kuendesha au kurekebisha programu nyingine, ambayo imetolewa kwa umma ili kupima wazo ambalo bado halijathibitika. Uchanga wake si hoja. Jambo la msingi ni kwamba aliyeiunda hajajifunga kuitunza, na kwa kawaida watumiaji huwa hawalijui hilo mpaka siku ya tangazo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Light Table. Mwanzoni mwa 2012, Bret Victor alitoa mhadhara huko Montreal, Kanada, akionesha jinsi mwandishi wa msimbo anavyoweza kuona athari ya kila badiliko papo hapo, bila kusubiri programu ikusanywe na kuendeshwa upya. Miezi michache baadaye Chris Granger, aliyewahi kufanya kazi Microsoft katika kundi la Visual Studio, alitangaza kihariri kilichojengwa juu ya wazo hilo. Katika kielelezo cha kwanza hapakuwa na mafaili: kila fungu la msimbo lilielea peke yake juu ya meza, likiwa na thamani zake pembeni, na msomaji aliweza kufuata namna thamani hizo zinavyotiririka kutoka fungu moja hadi jingine. Uchangishaji wa fedha kupitia Kickstarter uliomba dola 200,000 za Marekani, ukapata dola 316,720 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 7,000. Kwa kihariri ambacho wengi wao hawakuwa wamekigusa, kiasi hicho kinaonesha kiu iliyokuwapo.

Yaliyofuata yanahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu maelezo mepesi ya kwamba fedha ziliisha hayatoshi. Kadiri Light Table ilivyokaribia kutumika katika kazi za kila siku, ndivyo ilivyozidi kufanana na vihariri vya kawaida. Mafaili yalirudi, vichupo vikarudi, na yale mafungu yanayoelea yakaachwa. Watumiaji walikuwa na miradi yenye mafaili mamia kwa mamia, na hakuna aliyekuwa tayari kuhamisha kazi yake yote ili kulifuata wazo. Thamani zinazoonekana pembeni ya msimbo zilibaki, nazo zilikuwa na manufaa, lakini sehemu iliyokuwa jaribio hasa ilishapotea. Januari 2014 msimbo ulitolewa kwa leseni huria. Oktoba mwaka huohuo Granger na wenzake walitangaza mradi mpya, Eve, uliokusudia kuwawezesha watu wasio wanaprogramu kuunda programu, na utunzaji wa Light Table ukaachiwa watu wa kujitolea. Eve nayo ilibadili umbo mara kadhaa, kisha ikafungwa mwanzoni mwa 2018.

Kwa maoni yetu, wachangiaji wa Light Table hawakudanganywa. Walichangia swali, wakidhani wamenunua kifaa. Tofauti hiyo haikuelezwa vya kutosha wakati wa uchangishaji, na ni tofauti ileile inayofichika mtafiti anapochagua zana ya majaribio kwa sababu inavutia.

Atom inatoa picha nyingine. Kihariri hiki cha GitHub kilitangazwa mwaka 2014, na toleo la 1.0 likatoka Juni 2015. Waundaji wake hawakukiita jaribio, lakini kilikuwa jaribio kwa maana moja muhimu: kilipima kama kihariri kamili kinaweza kujengwa kwa teknolojia za kurasa za wavuti. Ili hilo liwezekane ilibidi liundwe gamba la kukibebea, lililoitwa kwanza Atom Shell, na baadaye Electron. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Visual Studio Code, iliyojengwa juu ya gamba hilohilo, na ikaenda kasi kuliko Atom. Mwaka 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na vihariri viwili vilivyokuwa vikishindana vikawa chini ya paa moja. Juni 2022 GitHub ilitangaza mwisho wa Atom, na tarehe 15 Desemba 2022 hazina zake za msimbo zikafungwa.

Atom ilikufa, lakini viungo vyake vikaendelea kuishi katika miili mingine. Electron sasa iko chini ya taasisi ya OpenJS na hubeba programu nyingi za mezani, Slack na Discord zikiwamo. Tree-sitter, mfumo wa kuchanganua sarufi ya msimbo ulioendelezwa na Max Brunsfeld kwa ajili ya Atom, umeingia katika Neovim na hata Emacs. Nathan Sobo, mmoja wa waanzilishi wa Atom, alikwenda kujenga kihariri kipya, Zed. Watumiaji waliobaki walianzisha tawi liitwalo Pulsar, ila iliwalazimu kujenga upya hata seva ya kusambazia viendelezi, kwani ile ya awali ilikuwa mali ya GitHub. Leseni huria iliwapa msimbo, seva haikuwamo.

Upungufu huo ulionekana kwa namna ya ajabu kidogo baada ya mazishi. Mwishoni mwa Januari 2023 GitHub ilieleza kwamba vyeti vya kidijitali vilivyotumika kutia saini baadhi ya programu zake vilikuwa vimechukuliwa na mtu asiyeidhinishwa, na kwamba vingebatilishwa tarehe 2 Februari. Matoleo 1.63.0 na 1.63.1 ya Atom yangeacha kufanya kazi siku hiyo. Waliotaka kuendelea walishauriwa kurudi kwenye toleo la zamani zaidi. Mtafiti aliyeandika kwa uaminifu kwamba alitumia toleo la 1.63.1 angekuwa ametaja toleo sahihi, na bado mwenzake asingeweza kuliendesha.

Je, yapo majaribio yaliyodumu? Yapo, na Smalltalk ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Lugha hii na mazingira yake vilizaliwa katika miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox PARC, California, chini ya Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Mwaka 1996 baadhi yao, wakiwa Apple, walitoa Squeak. Walichofanya ni kuandika mashine pepe ya Smalltalk kwa Smalltalk yenyewe, kisha kuitafsiri kimashine kwenda lugha ya C. Matokeo yake, mfumo ulibeba ndani yake maelezo kamili ya mashine inayouendesha. Aliyetaka kuuhamishia kwenye kompyuta ya aina nyingine alihitaji kazi ndogo kuliko kawaida, wala hakuhitaji ruhusa wala seva ya mtu. Kutoka Squeak ilitokea Pharo, na toleo la kwanza la Scratch, lugha ya kufundishia watoto, liliandikwa humo. Scratch baadaye ilihamia Flash, ikalazimika kuihama tena Flash ilipokaribia kikomo chake, na tangu 2019 hutumia teknolojia za kivinjari; kiolesura chake kinapatikana hata kwa Kiswahili. Kwa hiyo jina limedumu kwa kuandikwa upya mara mbili, jambo ambalo miradi michache tu ina watu na fedha za kulimudu.

Kwa watafiti, hoja inayotokana na mifano hii inahusu utegemezi. Kabla ya kuchagua zana, inafaa kuuliza ni vitu gani vilivyo nje ya msimbo ambavyo zana hiyo haiwezi kuishi bila hivyo: seva ya viendelezi, cheti, akaunti, au kampuni moja inayolipa mishahara. Hifadhi ya Software Heritage, iliyoanzishwa na Inria nchini Ufaransa mwaka 2016, hukusanya msimbo wa umma na kuupa kila kipande kitambulisho kinachotokana na maudhui yake, hivyo kinaweza kunukuliwa katika tasnifu hata hazina ya awali ikifutwa. Hilo hutatua nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kuendesha, na kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Matokeo yanayotegemea zana ya majaribio yatolewe pia kwa njia ya pili isiyoitegemea, hata kama ni ya polepole. Pamoja na tasnifu iwasilishwe taswira ya mfumo mzima wa kompyuta uliotumika, ikiwa na zana na viendelezi vyake ndani, iliyojaribiwa na mtu mwingine kwenye kompyuta iliyokatwa intaneti.