Binti Mpelelezi: Filamu ya Kuangalia Familia Nzima

Una binti anayeuliza maswali mpaka wageni wanaona aibu? Usimkaripie kwanza. Mtafutie *Nancy Drew*, filamu ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Andrew Fleming. Haina zile sehemu za kukufanya uitafute rimoti haraka haraka mbele ya wakwe. Hata kule Manyovu, ambako baridi ya jioni huwaingiza watu ndani mapema, hii ni ya kukaa wote sebuleni.

Stori yenyewe

Nancy (Emma Roberts) ana miaka 16. Mama yake alishafariki, analelewa na baba yake, wakili Carson Drew. Wanahama mji mdogo wa River Heights kwenda Los Angeles kwa ajili ya kazi ya baba, na baba anataka ahadi moja tu: huko mjini hakuna upelelezi. Binti anakubali. Kumbe nyumba aliyoichagua wapange ilikuwa ya Dehlia Draycott, mcheza sinema maarufu aliyekufa kifo cha utata! Unadhani atalala?

Shuleni wanamcheka kwa sketi zake za kizamani. Yeye wala hana habari nao. Kidogo kidogo anagundua kwamba Dehlia aliacha mtoto wa kike na pia aliacha wosia. Mtoto huyo, Jane, sasa ni mama anayelea mwanawe peke yake huku maisha yamembana, wakati mali ya mama yake iko mikononi mwa wengine. Muuaji simtaji, msije mkanilaumu.

Kwetu je?

Toa jumba la Los Angeles, weka shamba la kahawa na migomba pale Manyovu. Si unaona? Ni kesi tunayoifahamu: mali ya marehemu, karatasi isiyoonekana, na binti anayeambiwa hana chake kwa sababu ataolewa.

Tena hapa kwetu jambo kama hilo limewahi kufika Mahakama Kuu. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, aliachiwa ardhi na baba yake kwa wosia. Alipoiuza, ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema ubaguzi huo unapingana na Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaweka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Sheria ipo, lakini haitembei yenyewe kuja nyumbani kwako. Lazima awepo mtu wa kuuliza: karatasi iko wapi, nani aliishika mara ya mwisho, nani anafaidika ikipotea? Hayo ndiyo maswali ya Nancy. Binti uliyemzoesha kunyamaza hatayauliza siku utakapokuwa haupo.

Baba, hii ni yako

Carson anamkataza binti yake kwa sababu anaogopa, na haogopi bure: Nancy anafukuzwa na watu wabaya kwelikweli. Lakini katazo halikumfanya aache, lilimfanya afiche. Kumlinda mtoto ni kitu kimoja, kumziba mdomo ni kingine.

Kabla hujawasha dividii

• Anayejua Kiingereza awatafsirie wengine. Lufufu alijipatia jina Dar es Salaam kwa kazi hiyo hiyo; na wewe jaribu, watoto watacheka.

• Katikati simamisha kidogo, muulize binti anamshuku nani na kwa nini. Msikilize mpaka amalize.

• Mkumbushe kwamba akigundua jambo la hatari, asiende peke yake. Amwambie mtu mzima anayemwamini.

• Filamu ikiisha, baba na mama, waambieni watoto wote, wa kike na wa kiume, nyaraka za nyumba na shamba zinakaa wapi. Kama wosia haujaandikwa, pangeni siku ya kuuandika.

Mkiipenda, wiki ijayo tafuteni *Enola Holmes* ya mwaka 2020: binti mwingine wa miaka 16, safari hii anamsaka mama yake aliyetoweka. Jioni njema!