Hamsini kwa siku mpaka Arusha: pesa za safari ya shule zikusanywe vipi?

Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yetu hapa Makadara ilitangaza safari ya Arusha. Tungeona makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulale siku mbili, turudi. Darasani hakukuwa na mtu aliyewahi kuvuka mpaka. Wengi wetu safari ndefu tuliyoijua ni ya ushago, tena Desemba.

Mamangu huuza mboga karibu na Jogoo Road. Kila Jumamosi jioni alikuwa anatoa mia tano kwenye mauzo na kuituma kwa laini ya mwalimu aliyesimamia safari. Mwalimu naye aliandika kwa daftari. Zikibaki wiki mbili, daftari na simu zikakataa kuelewana. Sidhani mwalimu alikula pesa. Shida ni kwamba laini ilikuwa yake, kwa hivyo pesa zetu zilikaa pamoja na kodi yake ya nyumba, mkopo wa sacco na unga wa wiki. Wazazi waliokuwa na SMS walikuja ofisini wakazionyesha, na watoto wao wakapanda basi. Mamangu alikuwa amefuta zake kwa sababu simu ilijaa. Nilibaki.

Jirani yangu wa dawati pia alibaki, lakini yeye jina lake lilisomwa paredi, kwenye orodha ya "wale hawajamaliza kulipa". Tangu siku hiyo, ikitangazwa safari yoyote, hakuwa anauliza hata bei.

Leo ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, na bado naona shule zikikusanya pesa vile vile. Safari nyingi za watoto wa mtaa hufia mahali pamoja: hakuna anayeweza kuonyesha pesa ziko wapi. Hilo linaweza kurekebishwa, hata kabla ya kumtafuta mfadhili.

Eastlands imewahi kufanya hii kazi

Septemba 1959, ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea Marekani kusoma. Aliyeongoza mpango huo ni Tom Mboya, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akiishi Ziwani, hapa hapa Eastlands. Pesa zilitoka mifuko kadhaa. Vyuo vya huko vilitoa ufadhili wa masomo. Watu maarufu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte walisaidia kuchangisha nauli. Familia na majirani wa wanafunzi nao wakafanya michango yao hapa nyumbani. Kila mfuko ulikuwa na kazi yake.

Karibu zaidi na sisi kuna MYSA ya Mathare, iliyoanzishwa 1987. Tangu 1990 imekuwa ikipeleka vijana Oslo, Norway, kwa mashindano ya Norway Cup. Kwenye ligi zake timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa, mbali na zile za kushinda mechi. Hapo kuna somo kwa shule: mtoto asiye na pesa apewe njia ya kuchangia kitu anachoweza, ili aende akijua amejitafutia nafasi yake.

Piga hesabu mapema

Tuseme safari ya Arusha itagharimu KSh 12,000 kwa kila mtoto, na watoto ni 45. Hii ni mfano tu, bei yenu mtaipata kwa kuuliza basi na malazi. Jumla ni KSh 540,000, na ukiitaja hivyo kwenye mkutano wa wazazi, watu watainuka waende.

Sasa igawe. Hamsini kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 300. Kwa wiki 40 ni 12,000. Mzazi wa kibarua cha Industrial Area anaweza kuielewa hamsini kuliko elfu kumi na mbili.

Wengine hata hamsini ni ngumu. Tuseme watoto 15 wanaweza kumi kwa siku. Kwa wiki 40 kila mmoja atakuwa ameweka 2,400, na pengo ni 9,600. Mara 15, ni KSh 144,000. Hapo ndipo wanafunzi wa zamani wanaingia: watu 144, mia moja kila mwezi, kwa miezi kumi. Pengo limezibwa bila harambee ya kuita mheshimiwa.

Pesa zikae wapi?

Zikae kwa Paybill ya shule, iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye zaidi ya mtu mmoja wa kutia sahihi. Laini ya mwalimu haifai, hata awe mwaminifu namna gani. Kwanza, laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haishikilii zaidi ya KSh 500,000, kwa hivyo safari yetu ya mfano haitoshei. Pili, tunamlinda mwalimu mwenyewe. Akiulizwa, anatoa taarifa ya akaunti, na maneno yanaisha.

Kwenye sehemu ya nambari ya akaunti, mzazi aweke nambari ya usajili ya mwanafunzi. Wanaochangia pengo waweke neno moja mliloelewana, kama MFUKO. Hivyo mfadhili hatajua mia yake imemwendea nani. Kila mwisho wa mwezi, bandikeni jumla kwenye ubao wa matangazo. Jumla tu. Nani amebakisha ngapi ni mazungumzo ya mwalimu na mzazi, kwa simu, polepole.

Karatasi zianze kabla ya basi

Tangu 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Lakini mwanafunzi wa chini ya miaka 18 hana hicho kitambulisho, na kwa Tanzania hakitoshi. Anahitaji pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Ombi la pasipoti hupitia eCitizen, na la mtoto linahitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya mzazi au mlezi. Mara nyingi mtoto asiye na cheti ndiye yule yule asiye na nauli, kwa hivyo anzeni na yeye wiki ya kwanza kabisa.

Kuna pia chanjo ya homa ya manjano. Idungwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka. Kadi yake ni ya maisha, kwa hivyo itunzwe.

Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikuambia umtumie kwa laini yake ndiyo "aharakishe" pasipoti, achana naye.

Kabla hujabonyeza tuma

- Soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la shule, simama hapo.
- Paybill ikitumwa kwa grupu ya WhatsApp, piga simu shuleni uthibitishe. Nambari hubadilishwa njiani.
- PIN ni yako peke yako. Mwalimu haihitaji, benki haihitaji, na sisi pia hatuihitaji.
- Usifute SMS ya malipo mpaka mtoto arudi nyumbani. Simu ikijaa, zipige picha umtumie mtu unayemwamini, au omba taarifa ya miezi yote.

Mamangu bado huuza mboga pale pale. Mwaka huu mtoto wa dadangu yuko Gredi ya 8, na shule yake imeanza kuzungumzia safari ya Kampala. Alipoleta ile barua nyumbani, mama hakuuliza ni pesa ngapi. Aliishika, akaitafuta nambari chini ya ukurasa, akauliza: "Hii Paybill ni ya shule ama ni ya mtu?"

Mkutano ujao wa wazazi, uliza hilo swali kabla ya mengine yote.