Jina Likivuka Rusizi

Cheti cha kampuni hakikupi jina la bidhaa. Hilo ndilo jambo ninalolirudia kuliko lolote katika kioski changu hapa Kamembe, ambako kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Mimi ni wakala wa Irembo, mlango wa huduma za serikali ya Rwanda uliofunguliwa mwaka 2015. Vyeti vya kuzaliwa, leseni za udereva, malipo ya kila aina, yote hupitia kwenye meza yangu. Lakini tuko mpakani, mto Rusizi ukivukwa ni Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na wafanyabiashara wa huku huja na maswali ambayo hayana kitufe cha kubonyeza. Wanauza kwa WhatsApp, wanalipwa kwa simu, mizigo inavushwa na wabebaji, nao wanataka kujua sheria inawalinda mpaka wapi.

Jibu langu huwa halimfurahishi mtu. Sheria zipo, na nyingine ni nzuri kabisa. Ila mfanyabiashara mdogo wa Rusizi anadaiwa na sheria za pande zote mbili za mto, halafu analindwa na upande mmoja tu.

Kuna mama mmoja anayeuza sambaza, jina lake nitalihifadhi. Sambaza ni wale samaki wadogo waliopandikizwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha kisiwa cha Nkombo, cha Kamembe na cha Bukavu kwa pamoja. Yeye huwanunua kwa wavuvi asubuhi, huwakaanga, huwatia kwenye pakiti yenye lebo aliyochorewa na kijana wa duka la uchapaji, kisha huwapiga picha na kuwatuma kwenye makundi ya wateja. Wanunuzi wake wa Kigali hulipa kwa simu, kwa MoMo. Wa ng'ambo huagiza kwa sauti, kwa Kiswahili cha Bukavu, na mzigo huvuka.

Siku moja akanionyesha ukurasa wa Facebook uliofunguliwa na mtu mwingine ng'ambo. Pakiti ni ile ile, rangi ni zile zile, jina ni lile lile, namba ya simu tu ndiyo tofauti.

"Dada, jina si langu?" akaniuliza. "Cheti cha RDB hiki hapa."

Cheti kilikuwa halali. RDB, yaani Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, husajili kampuni mtandaoni bila ada, na ni jambo la kujivunia kwamba mwanamke wa kijijini anaweza kuwa na kampuni bila kupanda basi kwenda Kigali. Lakini kampuni ni mtu wa kisheria: inalipa kodi, inafungua akaunti, inashtaki na kushtakiwa. Jina lililo juu ya pakiti ni mali nyingine, linaitwa alama ya biashara, na lina daftari lake katika Ofisi ya Msajili Mkuu, ndani ya RDB hiyo hiyo. Wengi pia huichanganya na alama ya S ya Shirika la Viwango, RSB. Ile inasema bidhaa imekaguliwa na imefikia kiwango, haisemi jina ni la nani. Hata anwani ya tovuti inayoishia na .rw haikupi umiliki wa jina sokoni. Nimeona watu wenye karatasi zote hizo ambao, siku ya kunakiliwa, hawakuwa na karatasi iliyohitajika.

Sheria inayotawala jambo hili sasa ni ile ya miliki bunifu namba 055/2024, ya tarehe 20 Juni 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2009. Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Unapeleka jina au mchoro, unataja bidhaa zako ziko kundi gani kati ya makundi 45 yanayotumika duniani, maombi yanapimwa na kutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ukipita unalindwa kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa tena na tena. Samaki waliosindikwa wako kundi la 29, kahawa na chai kundi la 30. Mama yule alitaka kusajili neno "Sambaza" lenyewe. Nilimweleza kwamba halitapita, maana huwezi kumnyang'anya mvuvi wa Nkombo jina la samaki anayemvua. Kinachosajiliwa ni kile kinachomtofautisha yeye na wenzake: jina alilolibuni, mchoro wake, mpangilio wake wa rangi.

Na hapa karatasi ya Kigali ina nguvu ambayo wengi hawaijui. Ukilalamika kwa kampuni ya Meta kwamba mtu ametumia alama yako kwenye Facebook au Instagram, fomu yao inakuuliza alama imesajiliwa nchi gani na kwa namba ipi. Mtu wa California hamjui mama wa Kamembe na hatasoma cheti cha kampuni, lakini namba ya usajili anaielewa. Kwa hiyo mtu anayesema usajili wa alama ni mambo ya viwanda vikubwa amekosea. Anayeuza kwa simu anauhitaji zaidi, kwa sababu duka lake lote ni picha, na picha hunakiliwa kwa dakika moja.

Sasa tuvuke mto. Alama ya biashara ina nguvu katika nchi iliyosajiliwa tu. Rwanda ni mwanachama wa mfumo wa Madrid tangu Agosti 2013, hivyo mwenye alama hapa anaweza kuomba ulinzi katika nchi nyingi kwa ombi moja, Kenya ikiwemo. Congo haimo. Haimo pia katika ARIPO, shirika la miliki bunifu lenye makao Harare ambalo Rwanda ni mwanachama, wala katika OAPI yenye makao Yaoundé, ya nchi ambazo nyingi zinatumia Kifaransa. Congo ina sheria yake ya mali ya viwandani ya tarehe 7 Januari 1982, na maombi yanakwenda wizara ya viwanda Kinshasa. Kutoka darajani mpaka soko la Bukavu mtu anatembea kwa miguu. Kutoka Bukavu mpaka Kinshasa ni kama kilomita 1,500 kwa ndege. Mama wa sambaza akitaka jina lake liheshimiwe ng'ambo, anatakiwa amtafute wakala wa Kinshasa, mji ambao hajawahi kuukanyaga, amlipe, na asubiri.

Mtu atasema: lakini Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kweli, tangu Julai 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ina ibara ya 43 inayozitaka nchi wanachama zishirikiane katika miliki bunifu. Kushirikiana si kuwa na daftari moja. Hakuna alama ya biashara ya Afrika Mashariki. Unga wa mtu wa Kampala, vitenge vya mtu wa Mwanza na sambaza wa Kamembe, kila kimoja kinaanza upya kwenye kila mpaka.

Malipo nayo yana mipaka yake. Wenye biashara hapa hubeba laini mbili: ya Rwanda kwa MoMo au Airtel Money, na ya Congo kwa M-Pesa, Airtel au Orange. Upande huu msimamizi ni Benki Kuu ya Rwanda, ng'ambo ni Benki Kuu ya Congo. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na benki zake zikafunga milango, simu ndiyo imekuwa benki ya wengi. Wavunja fedha wa darajani wanajua kiwango cha dola na cha faranga kabla mimi sijafungua kioski, nao ndio wanaounganisha mifumo miwili ambayo sheria haijaiunganisha.

Nimesema mfanyabiashara anadaiwa pande zote mbili. Upande wetu, kila mauzo yanatakiwa yawe na risiti ya EBM, mashine iliyoanza mwaka 2013 na ambayo sasa ni programu ya kompyuta au simu. Upande wa Congo, tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna sheria kubwa ya mambo ya kidijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni na taarifa za watu. Mfanyabiashara wa daraja la Rusizi hajaletewa hata moja katika lugha anayouzia.

Hili nalisema kwa uchungu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, ila Gazeti la Serikali bado linatoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hapa Kamembe bei zinapangwa kwa Kiswahili, mikopo inadaiwa kwa Kiswahili, hata ugomvi wa mizigo unaamuliwa kwa Kiswahili. Sheria ya biashara inastahili kusomeka katika lugha ambayo biashara inafanyika.

Kuna sheria moja inayonigusa mimi mwenyewe moja kwa moja, nayo ni ya ulinzi wa taarifa binafsi, namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021. Wateja hunitumia picha za vitambulisho kwa WhatsApp, namba za simu, majina ya watoto. Sheria inasema taarifa zichukuliwe kwa lengo linalojulikana, kwa ridhaa au sababu nyingine halali, na mwenye taarifa ana haki ya kuziona na kutaka zifutwe. Anayezikusanya na kuzitumia hujisajili kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Zikivuja, mamlaka iarifiwe ndani ya saa 48. Faini ni kati ya faranga milioni 2 na milioni 5, na kwa kampuni inaweza kuwa asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka duniani kote. Ndiyo maana nafuta picha ya kitambulisho fomu ikishapita, mteja akiwa ameketi mbele yangu anaona.

Sheria hiyo pia inataka taarifa za watu zihifadhiwe ndani ya Rwanda, isipokuwa mhifadhi awe na cheti cha mamlaka kinachomruhusu kuzipeleka nje. Nchi yetu ilionyesha mapema kwamba haitanii hapo. Mei 2017, kabla hata ya sheria hii, RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliitoza MTN Rwanda faini ya faranga bilioni 7.03 kwa kuendeshea mifumo yake ya kompyuta nchini Uganda kinyume na masharti ya leseni. Naiunga mkono nia yake, maana taarifa za Wanyarwanda ni mali. Ila kampuni ya simu ina mawakili na wahandisi. Mama wa sambaza ana daftari la wateja ndani ya simu inayojihifadhi yenyewe kwenye kompyuta za Google nje ya nchi, na hakuna aliyemweleza sheria inamtaka afanye nini. Anahitaji mwongozo wa ukurasa mmoja kwa ajili ya watu kama yeye.

Tofauti ya mkubwa na mdogo inaonekana wazi zaidi ukiteremka Bugarama. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, kiko hapa hapa wilayani, Muganza. Mwaka 2013 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 51 ya hisa zake. Januari 2024 hisa hizo zikahamia kwa kampuni ya Kenya, National Cement, kwa dola milioni 42.5. Sheria ya uwekezaji namba 006/2021 inamkaribisha mwekezaji wa aina hii kwa vivutio vya kodi, na ununuzi wa kampuni unaogusa nchi zaidi ya moja za jumuiya ya kibiashara ya COMESA hupimwa na tume moja ya ushindani, makao yake Lilongwe. Yaani kiwanda kizima kinapobadilisha mmiliki, kuna meza moja ya kanda ya kupeleka faili. Jina la pakiti ya samaki likivuka mita chache za daraja, meza hiyo haipo. Sina kinyongo na kiwanda, ndugu zangu wanafanya kazi kule. Ninachotaka ni mdogo naye awekewe meza yake.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya miliki bunifu ya Eneo Huru la Biashara Februari 2023, na ya biashara ya kidijitali Februari 2024. Kila moja inangoja kuridhiwa na nchi 22 ndipo ianze kufanya kazi. Rwanda, ambako mkataba mama ulisainiwa Machi 2018, ingefaa iwe ya kwanza kusukuma, na kabla ya hapo mawaziri wa Jumuiya wangeweza kukubaliana jambo dogo: maombi ya alama yapokelewe kwenye vituo vya mpakani na kupelekwa Kinshasa, Gitega au Kampala kwa niaba ya mwombaji, kama mizigo midogo ilivyorahisishiwa taratibu za forodha.

Kwa sasa, mama wa sambaza amepeleka maombi yake Kigali, kundi la 29, jina alilolibuni pamoja na mchoro. Nimemwambia atunze risiti za kijana aliyemchorea lebo, picha zake za kwanza zenye tarehe na ujumbe wa wateja wa zamani, kwa kuwa ndivyo vitakavyosema nani alianza. Wakala wa Kinshasa tumempata, bei yake ni kubwa, na yeye na wenzake watatu wa soko la Kamembe wanajadiliana kama watamlipa kwa pamoja.