Rababendi Haichoki Kubana

Mwanachuo mwenzangu, hesabu rababendi ulizokutana nazo leo. Kwa wakala imefunga noti, bwenini imebana mdomo wa mfuko wa karanga, na dada zetu ndo kabisa, kuna mtindo mzima wa nywele unaoitwa rababendi.

Kitu hiki kilisajiliwa na Stephen Perry, London, tarehe 17 Machi 1845. Kabla ya hapo mpira ulikuwa msumbufu: ukipata joto unanata, ukipata baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unatulia.

Jaribu hili. Vuta rababendi nene ghafla, iguse mdomoni: ina joto. Ishikilie hivyohivyo kidogo, kisha iachie na uiguse tena: imepoa. Ndani yake kuna nyuzi ndefu zilizosokotana ovyo. Ukiivuta zinajipanga na kutoa joto, ukiiachia zinajisokota upya na kunyonya joto.

Hapa kwetu Wajerumani walipanda mpira kule Tanga, jamii ya muhogo. Bei ya dunia ikaporomoka mwaka 1913, biashara ikafa. Miti ikabaki, na majani yake tunayala mpaka leo: ndo kile kisamvu cha mpira! Rababendi za sasa, zile za mpira wa asili, hutokana na mti mwingine, asili yake Brazili.

Jua la Dodoma ni adui yake. Joto, mwanga na hewa huzikata zile nyuzi, ndo maana ukiiacha dirishani inapasuka au inanata. Vyeti vyako usivifunge nayo miaka na miaka, itagandia kwenye karatasi. Tumia bahasha.

Ila jambo la kushika zaidi ni hili: mkono wako ukichoka kubana, unaachia. Rababendi haiachii. Ukiisahau kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, inazidi kuingia kwenye nyama na kuzuia damu. Na likizo ukiwa kijijini, mtu akiumwa na nyoka, usimkaze mguu kwa mpira wala kamba. Kiungo kinaweza kufa kwa kukosa damu. Mvue pete na chochote kinachombana, asitembee, mguu utulie, mbebeni upesi hospitali.

Rababendi ibane karanga. Mwili wa mtu tuuache upumue.