Akili Mnemba Inayosikiliza Simu za Dharura

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu matumizi ya akili mnemba (vitabu vingine huiita akili unde) katika afya, usiandike tu kwamba "hurahisisha kazi". Toa mfano halisi. Mfano mzuri unatoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark.

Anza na Biolojia. Moyo ukisimama ghafla, ubongo hukosa oksijeni na seli zake huanza kufa baada ya dakika chache. (Usichanganye na shambulio la moyo: hapo mshipa unaolisha moyo huziba, lakini moyo unaweza kuendelea kupiga.) Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Kwa kuwa gari la wagonjwa huchukua muda kufika, aliyepiga simu ndiye hulazimika kukandamiza kifua, akielekezwa na mpokea simu.

Shida ni kwamba mpokea simu hamwoni mgonjwa. Akiuliza, "Anapumua?" huenda akajibiwa, "Ndiyo, anakoroma," kumbe ile si pumzi ya kweli. Ni mikoromo ya mtu ambaye moyo wake umekwisha kusimama.

Hapo ndipo programu inapoingia. Husikiliza mazungumzo, huyageuza kuwa maandishi, kisha huyalinganisha na mifumo iliyojifunza kutoka kwa simu nyingi za zamani ambazo matokeo yake yanajulikana. Ikihisi moyo umesimama, humwonya mpokea simu. Uamuzi hubaki kwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliijaribu kwa simu 108,607 zilizopigwa mwaka 2014. Kati ya hizo, 918 zilihusu moyo kusimama. Programu ilitambua asilimia 84, wapokea simu asilimia 73. Katika nusu ya matukio iliyoyatambua, programu haikuhitaji zaidi ya sekunde 44. Kwa wapokea simu zilikuwa sekunde 54.

Watahiniwa wengi wangeishia hapo na kuisifu mashine. Soma na upande wa pili. Katika kila maonyo 100 ya programu, takribani 21 tu yalikuwa ya kweli. Kwa wapokea simu yalikuwa 33. Tena, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha onyo kwa baadhi ya simu, zikichaguliwa kwa bahati nasibu, na kulificha kwa nyingine. Waliopata onyo walitambua asilimia 93 ya matukio. Wasiolipata, asilimia 90.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba onyo lilisaidia. Kwa maoni yetu si ajabu: mtu anayeonywa mara nyingi bila sababu huacha kushtuka.

Kumbuka pia kwamba programu hiyo ilifundishwa kwa simu za Kidenmaki. Haiwezi kuletwa Dodoma au Mombasa kama ilivyo. Kwetu mmoja atasema "amezimia", mwingine "amedondoka", mwingine "amekata roho" ilhali mgonjwa bado anaweza kuokolewa. Zitahitajika simu nyingi za Kiswahili, za lafudhi mbalimbali, na ruhusa ya kutumia siri za wagonjwa.

Zoezi: "Programu iliyotambua wagonjwa wengi kuliko binadamu haikuongeza kwa uhakika idadi ya waliotambuliwa ilipotumika kazini." Eleza sababu mbili. (Alama 4)