Je, Wajua? Sentimita mbili za ujazo zinazoipendelea Noah

Je, wajua kwamba injini ya petroli ya Toyota Noah za mwanzo ina sentimita za ujazo 1,998, yaani mbili tu chini ya 2,000? Ushuru wa bidhaa wa Tanzania umekuwa ukipangwa kwa ujazo: gari la 1,001 hadi 2,000 hulipa asilimia 5, likizidi hapo hulipa 10. Toyota Alphard yenye injini ya 2,362 huvuka mpaka huo.

Kwa familia kubwa ya Namasakata, mkoani Ruvuma, Noah inastahili kuangaliwa kwanza. Wanakaa watu 8, mlango wa pembeni huteleza, na viti vya nyuma vikikunjwa magunia ya korosho yanapata nafasi. Toyota Ist hula mafuta kidogo zaidi, lakini inabeba watu 5.

Zipo Noah za aina kadhaa, na tofauti kati ya mbili za mwanzo ni kubwa. Ile ya 1996 hadi 2001 injini yake iko chini ya viti vya mbele na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Iliyotoka mwaka 2001 injini yake iko mbele na huvutwa na magurudumu ya mbele, sakafu yake ikawa chini zaidi. Starehe imeongezeka, ila kwenye barabara ya udongo masika sakafu hiyo huenda ikagusa matuta upesi.

Kabla ya kulipa, mpe fundi unayemwamini gari alikague likiwa limepoa, na uulize kwanza iwapo vipuri vyake vinapatikana Tunduru au Songea.